Goroli ya Nusu Milimita

Kidole changu cha kati, mkono wa kulia, kina sugu. Imekaa pembeni mwa ukucha, pale kalamu inapoegemea, na kwa miaka mingi niliihesabu kuwa sehemu ya kazi. Mimi huandika kumbukumbu za vikao. Watu wanaongea, naandika; wakianza kubishana, naandika mbio; wakinyamaza, napata nafasi ya kunyoosha vidole chini ya meza. Kompyuta ninayo, lakini zamu yake ni baadaye, wakati wa kuchapa rasimu. Ndani ya kikao ni daftari na kalamu, maana mlio wa vitufe huwakera wanaozungumza, na mkono wangu umeshazoea kuwawahi.

Enzi hizo nilitumia biro yoyote iliyokuwa karibu. Ukurasa wangu ulisomeka pande mbili: mbele kwa macho, nyuma kwa vidole, kwa jinsi nilivyokuwa nikikandamiza. Ukipapasa mgongo wa karatasi ungehisi mistari imetuna, na ukurasa uliofuata ulibeba makovu ya ule uliotangulia. Kikao kikifikisha saa ya tatu, maumivu yalianzia kwenye kidole gumba yakapanda hadi kiwikoni.

Siku moja mama mmoja aliyenitangulia kazini, mwenye mwandiko ambao hadi leo nauonea wivu, aliniona nikivipuliza vidole. Akanisogezea kalamu yake.

"Andika jina lako, mwanangu, ila usiikandamize. Iache ijiendee."

Kwa mazoea nikaweka uzito uleule. Wino ukatoka kwa wingi, herufi ya kwanza ikawa doa. Akacheka. "Nimekwambia iache." Mara ya pili niliishika kama mtu anayeshika unyoya, na mstari ukatoka mweusi, umejaa, bila kukatika mahali. Nilikuwa nimetumia miaka kumi na tano nikiandika kama mtu anayechonga.

Ile ilikuwa rolaboli. Kwa nje inafanana na biro, na hata ncha zao ni ndugu: goroli ndogo, mara nyingi ya tangsteni kabaidi, imekaa kwenye kikombe cha chuma. Upande wa ndani inalowa wino, upande wa nje inagusa karatasi, na ikibiringika inauhamisha. Tofauti iko kwenye wino. Ule wa biro, kalamu ambayo Mhungari László Bíró aliisajili hataza yake mwaka 1938 na jina lake likabaki midomoni mwetu, ni wa mafuta, mzito, wa kunata, kwa hiyo mkono ndio unaolazimika kuisukuma goroli. Wino wa rolaboli ni wa maji. Ukiigusa karatasi tu, karatasi inaunyonya. Kampuni ya Ohto ya Japani ilianza kuuza kalamu za namna hiyo miaka ya 1960, na mwaka 1984 Sakura, nayo ya hukohuko, ikaleta wino wa jeli: ukitulia ni mzito, goroli ikizunguka unalegea, ikisimama unatulia tena, kama rangi ya ukutani inavyolegea ikikorogwa. Wauzaji wengi huzitia zote mbili kwenye kapu moja na kuziita rolaboli. Sitabishana nao, lakini mkononi si kitu kimoja. Wino wa maji unateleza zaidi na kupenya zaidi. Wa jeli una adabu.

Baada ya siku ile nikafanya kosa ambalo nadhani wengi hulifanya. Nilinunua umbo. Kalamu ya shaba iliyopakwa rangi nyeusi, kifuniko cha kuzungusha, imelazwa kwenye kisanduku chenye kitambaa laini kama pete ya uchumba. Nilijizawadia baada ya msimu mgumu wa vikao. Ilikuwa nzito, na ukichomeka kifuniko nyuma, uzito wote ulihamia juu ya kiganja, ikawa inataka kulala chali kila nilipoinua mkono. Tena ilikuwa inakwaruza. Mstari ulianza, ukasita, ukaanza tena. Nilivumilia mwezi mzima kwa sababu ya bei niliyolipa, nikijiambia italainika.

Nilipoifungua kubadilisha wino ndipo akili ikanijia. Ndani ya ule mwili wa fahari kulikuwa na rifili, mrija mwembamba wa wino wenye ncha yake mwenyewe, wa kawaida kabisa. Goroli ilikuwa kwenye rifili. Wino ulikuwa kwenye rifili. Kilichogusa karatasi kilikuwa kitu cha kubadilisha, cha bei ndogo, na fedha zangu zilikuwa zimekwenda kwenye mpini. Nikatafuta rifili ya Schmidt 5888, ambayo huingia kwenye kalamu nyingi za rolaboli zenye kifuniko, nikaichomeka, na kalamu ileile iliyokuwa ikikwaruza ikaanza kuteleza. Uzito haukubadilika, bila shaka. Nikaacha kuchomeka kifuniko nyuma, yakaisha.

Siku hizi kabla sijauliza bei ya kalamu naomba kuifungua. Nataka kuona kama rifili yake ni ya umbo linalotengenezwa na wengi au ni la mtengenezaji mmoja tu. Hizi za pili zinaweza kuwa nzuri sana, ila umefunga ndoa: siku mwenyewe akiacha kuzitoa, umebaki na pambo.

Kwenye majina ya rifili nako nilianguka. Kalamu niliyopewa zawadi ilikuja na kikaratasi kinachosema inatumia rifili ya G2. Nikarudi nyumbani na rifili za Pilot G2, tatu kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyoingia. Kumbe G2 ni jina la umbo, ule mrija mfupi ambao watu wengi wanaujua kama wa Parker, wenye urefu wa milimita 98 hivi. Pilot G2 ni kalamu ya jeli, na rifili yake inaupita huo kwa zaidi ya sentimita moja. Majina yamegongana tu. Sikutaka kuzitupa, nikanunua kalamu ya Pilot G2 yenyewe, ya plastiki, ili rifili zipate pa kukaa. Ni kichekesho, najua, kununua nyumba kwa ajili ya godoro. Lakini ile ya plastiki ndiyo niliyoishika zaidi mwaka ule, na ya shaba ikashinda kisandukuni.

Namba iliyochapwa ubavuni pia ilinichukua muda. 0.5, 0.7, 1.0: nilidhani ni unene wa mstari. Ni kipenyo cha goroli. Mstari huwa mwembamba zaidi, kwa kuwa goroli haigusi karatasi kwa tumbo lote. Goroli ya 0.5 inaweza kuacha mstari wa 0.3 kwenye karatasi nzuri, na kwenye karatasi yenye kiu wino huohuo ukatanuka ukawa kitu kingine. Mwandiko wangu ni mdogo. Nilipotumia 0.7 ya wino wa maji, macho ya herufi yaliziba, na 6 na 8 zikawa pacha. Niliwahi kumwandikia mtu tarehe 6 badala ya tarehe 8, akafika kikaoni siku mbili kabla ya wenzake. Alikuwa mstaarabu, lakini hadi leo akiniona huniuliza kwa sauti: "Leo ni tarehe ngapi, kwa mwandiko wako?"

Nikakimbilia upande wa pili, 0.38 ya jeli. Mistari mizuri, kama nywele. Tatizo ni kwamba kadiri goroli inavyokuwa ndogo ndivyo inavyohisi kila unyuzi wa karatasi, na baada ya wiki nikajikuta nimerudi kukandamiza. Sasa nimetua kwenye 0.5 kwa vikao na 0.7 kwa sahihi na bahasha. Mwenye mwandiko mkubwa wa kuvutavuta asinisikilize hapa.

Karatasi ni nusu ya kalamu, na hili hakuna aliyeniambia. Jaribio langu ni la sekunde tano. Naiweka ncha juu ya karatasi, siisogezi, nahesabu hadi tano, kisha naitazama nukta. Ikibaki nukta, vizuri. Ikiota miguu kama buibui, au nikigeuza ukurasa nikaikuta imetokeza nyuma, basi ama nabadilisha daftari ama nahamia kwenye jeli. Madaftari membamba mengi hayawezi kustahimili wino wa maji pande zote mbili. Kuna mwaka niliandika upande mmoja tu wa kila karatasi, nikamaliza madaftari maradufu, ndipo nikakubali kwamba kalamu ile, hata kama ilikuwa tamu, haikuwa ya daftari lile.

Sasa niseme habari ya maji. Kilikuwa kikao cha siku mbili, na mchana wa siku ya pili mtu aliyekuwa akieleza jambo kwa mikono alipiga bilauri. Maji yalikuja mezani taratibu, karibu kwa heshima, yakaingia chini ya karatasi za jirani yangu, kisha yakapanda kwenye daftari langu lililokuwa wazi. Nilitazama sentensi ikigeuka wingu. Rangi nyeusi ilijitenga ikawa zambarau pembeni na bluu hafifu katikati, herufi zikalegea, zikapoteza mifupa. Nikafanya jambo baya kuliko yote: nikasugua kwa kitambaa. Kurasa mbili na nusu zilikwenda.

Jioni ile na kesho yake nilikuwa nikiwapigia simu washiriki mmoja mmoja kuwauliza walisema nini. Nilijifunza kwamba binadamu akiulizwa alisema nini jana, hukumbuka maneno ya busara zaidi kuliko yale aliyoyatamka. Wawili walidai ni wao waliotoa pendekezo lilelile. Kumbukumbu zile ndizo nilizosahihishwa mara nyingi kuliko zote katika kazi yangu.

Sababu ya maandishi yangu kugeuka wingu ni kwamba wino wa kalamu ile ulikuwa wa rangi iliyoyeyushwa majini, na kinachoyeyuka majini hurudi majini. Wino wa aina ya pili una chembe ndogondogo za rangi ambazo haziyeyuki. Zinaelea ndani ya maji, na maji yakikauka zinabaki zimeng'ang'ania nyuzi za karatasi. Uni-ball Eye, kwa mfano, hutumia wino wa chembe, nao huhimili maji na hauchujuki upesi kwa mwanga. Wino wa chembe una faida nyingine kwa anayesaini hundi na mikataba: hauoshwi kirahisi kwa kemikali na mtu anayetaka kufuta kiasi na kuandika chake. Siku hizi hakuna kalamu inayoingia kikaoni kabla ya kuoga. Naandika mstari mmoja, naulaza hadi asubuhi, nadondosha tone la maji juu yake, nahesabu hadi ishirini, kisha nabonyeza kwa kitambaa bila kusugua. Maandishi ya pembeni ya kalamu yanaweza kusema lolote. Mimi nasikiliza kitambaa.

Lililo jamaa ya hilo, japo la kinyume, ni wino wa kufutika kwa msuguano. Nilinunua kalamu ya namna hiyo kwa rasimu, nikasahau daftari ndani ya gari juani. Kinachoufuta wino huo si ufutio wenyewe, ni joto linalotokana na kusugua, na ukifika nyuzi joto 60 hivi unapotea wote bila kuomba ruhusa. Nilifungua daftari nikakuta kurasa nyeupe zenye mikwaruzo. Mtu akanishauri niliweke kwenye friza. Nilimwona ananitania, lakini nililiweka usiku kucha, na asubuhi maneno yalikuwa yamerudi, hafifu, kama yameona haya. Kalamu hiyo nimeibakiza kwa ratiba na hesabu za haraka. Sahihi haiigusi.

Kuhusu kukauka, jeli zimepishana sana. Pentel EnerGel hukauka upesi, na rafiki yangu anayeandika kwa mkono wa kushoto hakubali nyingine, kwa kuwa kiganja chake hupita juu ya kila neno alilotoka kuliandika. Mimi natumia wa kulia, kwa hiyo shida yangu ni kufunga daftari haraka mwenyekiti akisimama.

Kuna na madogo ambayo nimeyalipia. Rolaboli za wino wa maji ulio huru ndani ya tangi, kama Pilot V5, zina kitu kama kitana chenye meno membamba, unaweza kukiona kupitia kidirisha. Kazi yake ni kushika wino unaozidi. Lakini ndege ikipaa, shinikizo la hewa ndani ya chumba cha abiria hupungua, hewa iliyomo kwenye tangi hutanuka, na kama kalamu imelala au imeinamisha ncha, hewa hiyo husukuma wino nje kuliko meno yale yanavyoweza kushika. Shati langu jeupe lilijifunza hili kabla yangu. Kwenye ndege kalamu isimame ncha juu, na iwe ama imejaa ama imekwisha. Ya nusu ndiyo yenye hewa nyingi na wino wa kutosha kukuaibisha.

Ikianguka kwa ncha, mara nyingi imekwenda. Kikombe kinachoshika goroli kikipinda hata kidogo tu, mstari unakuwa na upande mmoja, na hakuna kuipasha moto wala kuizungusha kwenye soli ya kiatu kutakakoirudisha. Kifuniko kisiachwe wazi wakati wa chai, hasa kwa wino wa maji. Na kabla ya kulaani rifili mpya ya jeli, itazame ncha yake mbele ya taa. Nyingine huja na tone dogo la nta au mpira, dogo kuliko kichwa cha kiberiti na halionekani vizuri. Nilishakwaruza karatasi nzima nikiapa nimeuziwa kitu kibovu, na kumbe nilikuwa naandika kwa kizibo.

Halafu fomu za nakala tatu, zile zenye karatasi ya kaboni. Hapo rolaboli haina kazi. Nakala ya tatu inataka mkono wa kuchonga, na ukiikandamiza rolaboli kiasi hicho unaiua. Kwa hiyo biro haikufukuzwa mfukoni mwangu. Ilipewa majukumu yake.

Dukani, jambo moja tu nawasihi wanaoniomba ushauri: wasijaribu kalamu kwa sahihi. Sahihi ni mbio, na kwa kasi ile karibu kila kalamu inaonekana nzuri. Andika sentensi ndefu ya maneno yako ya kila siku, kwa mwendo wako wa kila siku. Kisha pumzisha kalamu ukihesabu hadi thelathini, kifuniko kikiwa wazi, na uandike tena. Ule mpigo wa kwanza baada ya kimya ndio ninaoutazama, kwa sababu ndivyo vikao vilivyo: dakika mbili za kimya, kisha mtu anasema jambo zito ghafla, na kalamu isiyoamka papo hapo imekukosesha nusu ya sentensi. Mwisho chora mstari wa polepole bila uzito wowote, kalamu ikijilalia tu kati ya vidole. Ukikatika, irudishe.

Wino wa rolaboli huisha haraka, na mwanzoni hilo liliniudhi. Biro inaweza kukaa nawe hadi uipoteze. Kwenye kila rifili mpya sasa nazungusha ukanda mwembamba wa karatasi wenye tarehe niliyoianza, nijue inanichukua muda gani. Katika msimu wa vikao vingi ni wiki tano au sita, hata nikijaribu kuandika kidogo niwezavyo. Natembea na ya akiba.

Natembea pia na biro ya kuazimisha. "Nipe peni mara moja nisaini" ni sentensi iliyoniulia kalamu kadhaa. Inarudi bila kifuniko, au inarudi imekandamizwa hadi goroli imezama. Kwa hiyo mkono wangu umejifunza kwenda kwenye biro bila hata kuniuliza.

Yule mama alistaafu mwaka jana. Siku ya kukabidhi ofisi alipita mezani kwangu na daftari la makabidhiano, akaniomba kalamu, nami nikampa biro kwa mazoea yaleyale. Akaishika, akaiangalia, akaniangalia mimi. Kisha akairudisha mezani taratibu, akanyoosha mkono hadi kwenye mfuko wa shati langu na kuichomoa mwenyewe ile nyingine.